Sauti Mia Mbili Nilizotunga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Asante Mungu kwa watu wa kiwandani. Siwajui, hawanijui, wala hatutakutana. Lakini wamekaa huko waliko, wamevaa makoti meupe (nadhani), wakaniwekea sauti mia mbili za gitaa ndani ya kisanduku kisichozidi ukubwa wa kamusi. Unachomeka gitaa, unakanyaga kitufe, sauti inatoka. Unakanyaga tena, inatoka nyingine. Sauti ya uwanjani. Sauti ya pangoni. Sauti ya mtu aliyeachwa na mchumba. Zote tayari! Kazi yangu ni kukanyaga tu.

Bendi hawalijui hilo. Bendi wanajua nilijifungia wiki tatu nikizitunga moja moja. Sikusema uongo hasa. Mwalimu aliniuliza sauti hizi nimezipata wapi, nikamjibu kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Akatikisa kichwa kwa heshima. Hakuuliza vimeundwa na nani.

Mwalimu ndiye kiongozi wetu. Amefundisha hesabu miaka thelathini, sasa anapuliza saksofoni na kutusahihisha. Leo ametuita sote na kutupa habari. Hoteli yenye bustani, ile iliyo baada ya kituo cha mafuta, inataka bendi kila Jumapili alasiri. Kila Jumapili! Si harusi za kubahatisha tena. Nikataka kumkumbatia. Kisha akaongeza kwamba jukwaa lao ni dogo, ameshalipima kwa rula yake ya darasani, na gitaa litakaloenea ni moja. Ataamua baada ya harusi ya tarehe 15.

Wapiga gitaa tuko wawili. Mimi na Mzee Sanduku. Tumempa jina hilo kwa sababu ya amplifaya yake ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo, inayobebwa na watu wawili na kusindikizwa na wa tatu mwenye ushauri. Yumo kwenye bendi tangu mimi sijajua kufunga viatu. Ana sauti moja. Moja tu! Ile ile ya ujana wake.

Nimemweleza mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, kazi yake iko sebuleni, mashine imeegemea dirisha. Harusini haji, maana hawezi kwenda kula kwa watu ambao hawakumwalika. Mwaka wa nne huu hajanisikia nikipiga jukwaani. Akaniambia, bila kuinua macho kwenye pindo, kwamba bustani ya hoteli haidai kadi ya mwaliko, na kwamba Jumapili alasiri yeye hashoni. Nilikaa jikoni nikiyafikiria hayo mpaka chai ikapoa. Nafasi ile lazima iwe yangu.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Ukumbi wetu uko nyuma ya kiwanda cha mkate. Tunapiga huku tunasikia njaa.

Chumbani, nikiwa na hedifoni masikioni, sauti namba 12 ni raha kama kuoga maji ya moto. Ukumbini ilitoka kama mtu anayeimba ndani ya tangi la maji. Nikahamia 13. Hiyo ilikuwa na nguvu mara tatu ya mwenzake. Mpiga dramu akadondosha kijiti, Mwalimu akaimeza pumzi aliyokuwa ameiandalia saksofoni. Nikahamia 14. Haikusikika kabisa. Mzee Sanduku akauambia ukuta kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini, na gitaa la kitandani haliwiki ukumbini. Ukuta haukumjibu, nami nikaiga ukuta.

Nimewaeleza kosa ni la ukumbi. Kuta zimeshiba unga miaka yote hii, zinanyonya sauti. Mpiga dramu alikubali. Mtu mwelewa sana yule.

Na kweli hazikupita dakika mbili mambo yakakaa sawa. Sauti safi, iko mahali pake, kila noti unaisikia mpaka mkiani. Nimeshaigundua tabia hiyo: kisanduku kikianza kina baridi, kikipata moto kinatulia. Mama Waya, fundi wetu wa mitambo, alikuwa nyuma kwenye meza yake kama kawaida, vidole kwenye vitufe, hasemi kitu. Yule mama huongea maneno manne kwa wiki. Namwonea huruma. Anashinda na nyaya tu, hajui utamu wa kutunga.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya!

Mzee Sanduku amevaa miwani. Huwa haivai. Leo kaitoa mfukoni, kaifuta kwa ncha ya shati, kavaa, kapiga magoti mbele ya kisanduku changu kama mtu anayekagua tairi. Kioo kidogo kilikuwa kinawaka. Kimeandikwa jina la sauti, jina la kiwandani, kwa Kiingereza, maana yake Uwanja Mkubwa wa Pili.

Akaniuliza kwa upole kwa nini nimeipa sauti yangu jina hilo. Nikasema nilikuwa nafikiria watu wengi. Akauliza uwanja wa kwanza uko wapi. Nikasema ulinishinda, nikaufuta. Akauliza kwa nini nimeandika kwa Kiingereza ilhali juzi risiti ya fenicha, ya Kiingereza, ilitushinda wote wawili. Hapo nikapatwa na kikohozi.

Akasimama, magoti yakalia. Akasema kuna duka katikati ya mji linauza visanduku kama hiki. Atapita Jumatatu, atakiwasha kimoja, atasoma majina yaliyomo, na atayaandika. Alisema hivyo bila hasira. Hilo ndilo lililonitisha.

Baada ya mapumziko nikabandika plasta nyeusi juu ya kioo. Sasa hakuna anayeona. Mimi mwenyewe sioni pia. Nilikanyaga kwa kukisia, nikaangukia sauti fulani yenye kengele ndani, katika wimbo wa kumwaga machozi. Mwalimu akauliza kama kifaa kimeharibika. Nikasema macho ya watu yanakipa joto. Namshukuru Mwalimu kwamba alifundisha hesabu na si sayansi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Nimepata dukani, mbele ya ndoo ya rangi nyeupe!

Mchana kutwa mimi huuza rangi za nyumba. Leo mteja mmoja, mama mwenye tambo, alitaka nyeupe. Bosi wangu akamwonyesha Maziwa ya Alfajiri. Hakuipenda. Akamwonyesha Pamba ya Mlimani. Hakuipenda. Akamwonyesha Theluji Tulivu, akasema hii ndiyo, hii ina uhai. Ndoo zote tatu ni nyeupe ile ile. Mashine ni moja, kopo ni moja, mkono wa kuchanganya ni wangu. Jina tu!

Nilisimama na kijiti cha kukorogea mkononi, rangi inadondokea kiatu, nikaona njia imefunguka. Nitazibatiza upya. Sauti zote mia mbili. Majina yangu, lugha yangu, na namba nitazivuruga ili asiweze kulinganisha ya kwanza na ya kwanza. Mzee aje na karatasi yake! Namshukuru sana yule mama wa nyeupe. Nilimbebea ndoo mpaka kwenye gari na kumwombea baraka, akanitazama kwa wasiwasi.

Jumapili, 9 Machi

Tangu asubuhi niko kitandani na kisanduku mapajani. Mke wangu anashona sebuleni, cherehani inanguruma, mimi nabatiza. Kila herufi unaitafuta kwa kuzungusha kitufe. Kidole gumba kimevimba.

Lakini majina! Machozi ya Kitunguu. Upole wa Asubuhi. Shemeji Kafika Bila Taarifa. Ndoa ya Pili. Kuna moja yenye mkwaruzo mzito, inavuma na kukatika, inavuma na kukatika. Nimeiita Babu Amelala, kwa sababu ndivyo babu yangu alivyokuwa akikoroma. Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja mlangoni.

Akasoma kadhaa. Akaniuliza kama nitazikumbuka zote. Nikamwambia mzazi hasahau majina ya watoto wake. Akanikumbusha kwamba tuna watoto wawili, na mkubwa namwita kwa jina la mdogo kila siku ya Mungu. Kisha akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, akarudi kwenye mashine yake. Sijui alikuwa anasema nini hasa.

Hata hivyo nimechukua tahadhari. Nimeandika orodha: jina jipya, sauti ipi, namba ngapi. Niliiandika nyuma ya karatasi kubwa niliyoikuta mezani. Ilikuwa patroni, karatasi ya vipimo vya kukatia gauni. Nilipotoka kuoga mkono wa kushoto umeshakatwa. Imebaki nusu ya orodha, kuanzia 101. Sikugomba. Mwanamke anayeamka na kazi yake na kulala na kazi yake hagombezwi kwa karatasi. Na nyimbo zetu zote zinahitaji sauti nne tu, hizo ninazo kichwani.

Jumanne, 11 Machi

Ushindi!

Mzee Sanduku alikuja na daftari. Kweli alikwenda dukani, kweli aliandika, mwandiko wa kulaza vizuri, kurasa tatu. Akapiga magoti. Nikaitoa plasta mwenyewe, kwa madaha. Akasoma kioo: Upole wa Asubuhi. Akafunua daftari. Akakanyaga kitufe kwa kidole. Ndoa ya Pili. Akafunua tena. Shemeji Kafika Bila Taarifa. Bendi nzima ilikuwa imemzunguka, na mpiga dramu akaanza kucheka, akasema hilo kiwanda hakiliwezi.

Basi mzee akafunga daftari, akavua miwani, akanyoosha mkono mbele ya wote. Akasema amenikosea, kijana nimsamehe. Wivu ni ugonjwa na umri hauutibu. Nikaushika mkono wake. Ulikuwa mkavu na una sugu za nyuzi kwenye kila kidole. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, kuanzia ubeti wa kwanza mpaka kiitikio. Kisha tukaanza wimbo mwingine.

Mwalimu kasema harusi ya Jumamosi gitaa langu ndilo litakaloanza, peke yake, bibi harusi akiingia. Niliwashukuru wote. Nilimshukuru hata mlinzi wa kiwanda cha mkate, aliyekuwa anapita.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za ukumbi wa harusi. Nieleze kwa utaratibu.

Saa nane mchana. Wageni mia tatu. Mapazia meupe, viti vimevalishwa. Mlango mkubwa unafunguliwa, bibi harusi amesimama na baba yake. Kimya. Mwalimu ananipa ishara kwa nyusi.

Nilitaka sauti laini kuliko zote. Nilikuwa nimeikariri, nilikuwa naijua, nilikuwa nimeiota. Nikatazama kioo na kichwa kikawa cheupe pe, kama ndoo za dukani. Nikaanza kukanyaga. Yakapita majina kumi, ishirini, sikumbuki hata moja limebeba nini. Machozi ya Kitunguu? Hapana, kitunguu ni kikali. Kisha likaja Babu Amelala. Nikajiambia: mtu akilala, nyumba inatulia. Hii ndiyo. Nikapiga.

Mungu wangu! Ukumbi ulikoroma. Vikombe vilitembea mezani. Bibi harusi alirudi nyuma hatua mbili akamkanyaga baba yake, na mtoto mchanga wa mtu akaanza kulia kwa nguvu zote alizozaliwa nazo. Nikakanyaga kingine upesi. Hicho kilikuwa na mwangwi: kila noti ninayopiga inarudi mara saba. Nikipiga moja zinatoka saba, nikinyamaza bado zinatoka. Wasichana wa maua walikuwa wamefundishwa hatua moja kwa kila noti. Walijaribu, watoto wa watu. Walikimbia.

Nikakanyaga cha tatu. Kimya kabisa.

Nilidhani nimekata umeme. Nikapiga kwa nguvu, hakuna kitu. Kisha nyuma yangu nikasikia gitaa. Laini, la taratibu, limeuokota wimbo pale pale nilipoudondosha. Mzee Sanduku. Sauti yake ile ile moja. Bibi harusi akavuta pumzi, akashika mkono wa baba yake, akatembea. Watu wakasimama. Mimi nikaendelea kuchezesha vidole juu ya gitaa bubu, natabasamu. Kwenye picha nitaonekana mwenye hisia sana.

Ubeti wa tatu nikalisikia gitaa langu. Sikuwa nimekanyaga chochote. Sauti yangu ilikuwa imerudi, safi, iko mahali pake, kila noti mpaka mkiani. Nikageuka kutafuta imetoka wapi. Nyuma ya ukumbi Mama Waya alikuwa ameinamia meza yake, na alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja.

Tulipopumzika nilimfuata. Akanieleza huku anakunja waya, na alimaliza maneno ya mwezi mzima. Kisanduku changu kina matundu mawili nyuma. La kwanza linatoa sauti iliyopambwa. La pili linatoa gitaa tupu, kama lilivyo. Yeye siku zote anachomeka yote mawili. Mimi nikianza kelele zangu anafunga la kwanza, anafungua la pili, anaitengeneza sauti mwenyewe mezani kwake. Kila mazoezi. Kila harusi. Tangu siku ya kwanza niliyokileta. Leo alikuwa ameondoka mezani dakika moja tu, kwenda kubadilisha betri ya maikrofoni ya mshereheshaji.

Nikamuuliza kwa hiyo sauti zangu mia mbili hakuna mgeni wa harusi aliyewahi kuzisikia. Akasema leo wamesikia mbili. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema nilikuwa napiga vizuri nikiwa na furaha, akaona aniache na furaha yangu.

Niko hapa ngazini. Nimelia kidogo, sijui kama ni aibu au ni shukrani, labda vyote viwili. Mtu amenibeba miezi yote hii na sikuhisi hata kwamba sitembei. Nafasi ya hoteli imeshakwenda. Mke wangu nitamwambiaje?

Jumapili, 16 Machi

Mwalimu katuita nyumbani kwake. Ana ubao mweusi sebuleni! Kachora jukwaa la hoteli kwa chaki, na vipimo.

Nilitangulia kukiri. Nilikiri yote: kiwanda, majina, rangi nyeupe, patroni. Mpiga dramu aliangalia dari kwa muda mrefu. Mzee Sanduku nilimwomba radhi yeye peke yake, nikasimama, nikamwambia mkono wake alionipa Jumanne sikuustahili. Akasema alijua tangu Jumanne. Gitaa halina haya ya kusema ukweli, na sikio lake halijazeeka kama goti lake. Lakini alishaona majina yale yamemtoa mtu jasho, akasema anayejichosha hivyo kwa uongo siku moja atajichosha kwa kazi.

Mwalimu akasema basi, gitaa ni la mzee, na akachukua chaki. Hapo Mama Waya akainuka kwenye kiti cha pembeni. Akaenda ubaoni. Akaweka kidole kwenye mraba mkubwa uliochorwa nyuma ya mzee na kuuliza huyu ni nani. Mwalimu akasema hiyo ni amplifaya. Akaufuta kwa kiganja. Akachora duara dogo mahali pake, na kuandika ndani yake neno moja: kijana.

Mwalimu alirudia kupima kwa rula mara mbili. Hesabu ilikuwa sahihi. Waliokuwa hawaenei si wapiga gitaa wawili, ni kabati la vyombo! Mzee akichomeka gitaa lake kwenye kisanduku changu, ambacho mbele kina nafasi ya magitaa mawili, na mimi nikichomeka langu, tunaenea sote na nafasi ya kukunja mguu inabaki.

Macho yakamgeukia mzee. Akapapasa mgongo wake. Mwishowe akasema yule mke wa mbao amemzeesha, ampumzishe sasa. Masharti mawili: nisimbatize, na nisikanyage kitu. Nilimbusu mkono. Aliufuta kwenye suruali, lakini alikuwa anacheka.

Kabla hatujaondoka Mama Waya alikichukua kisanduku, akazima sauti zote isipokuwa mbili. Zinaitwa 1 na 2.

Jumapili, 23 Machi

Alikuja.

Saa tisa kasoro dakika kumi, gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, watoto wote wawili mikononi. Akachagua meza karibu na bomba la kumwagilia bustani, akaagiza soda, akaweka mkoba magotini. Nilisahau noti ya kwanza ya wimbo wa kwanza. Mzee akanigunia kwa sauti ya chini, nikaikumbuka.

Nilipiga sauti moja alasiri nzima. Namba 2. Sikukanyaga kitu. Mzee yuko kushoto kwangu, bega kwa bega, anapiga pale ninapoacha na kuacha pale ninapopiga. Ndani ya wimbo wa nne nikamwona mke wangu ameweka soda chini na hataki tena kuishika. Alikuwa anasikiliza tu. Uso ule nimeuona siku ya harusi yetu na siku za kuzaliwa watoto, basi.

Njiani kurudi tukakaribia nyumbani. Kisha akasema alikuwa hajui. Nikamuuliza hajui nini. Akasema hajui kwamba ni mimi ninayefanya vile. Alidhani ni kile kimashine. Nilimbeba mdogo ili nipate pa kuficha uso.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mwalimu, namshukuru mzee. Lakini yupo mmoja ambaye shukrani ya mdomo kwake haitoshi. Lazima nimfanyie kitu kikubwa.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemfanyia!

Leo tulikwenda hotelini kufunga mitambo mapema, kwa sababu kesho ni siku kubwa. Mwenye hoteli anakuja na wageni wake waheshimiwa, meza zote zimeshawekwa nafasi, na akiridhika anatupa mwaka mzima. Mama Waya alishinda tangu asubuhi mezani kwake akipanga sauti ya kila chombo. Meza yenyewe kumbe nayo ina kioo! Sikuwahi kuikaribia. Alipomaliza akaenda kunywa chai na mpishi. Nikasogea nimfutie vumbi tu, kwa heshima.

Nilichokiona kilinisikitisha. Njia ishirini na nne za kupitishia sauti, na mama wa watu kaziandika M1, M2, G1, G2, SX, kama namba za maboksi ghalani. Mtu mwenye moyo ule, anafanya kazi kwenye ukiwa ule! Machozi yakanilenga. Nikaketi kwenye kiti chake.

Kuzibatiza hakukunichukua hata nusu saa, mkono umeshakuwa mwepesi. Maikrofoni ya Mwalimu: Hekima Isiyozeeka. Dramu, zote saba, ni watoto wa familia moja, kuanzia Kifungua Mimba mpaka Kitinda Mimba. Halafu nikaona mpangilio wenyewe hauna adabu, mpiga dramu yuko mwanzo na mzee yuko katikati. Nikawapanga upya kwa umri, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Katika kuhamisha, vile vijiti vya kupandisha na kushusha sauti ya kila chombo vilikuwa vimekaa ovyo, kimoja juu, kingine chini, vyote vimepinda safu. Nikavisawazisha. Sasa vimesimama mstari mmoja kama wanafunzi asubuhi. Kizuri kuangalia!

Nikabonyeza hifadhi. Kikauliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo.

Hajui lolote. Alirudi, akafunika meza kwa kitambaa bila kuitazama, akaniaga. Nilikuwa nauma midomo nisije nikaropoka. Wanasema asante ya punda ni mateke. Waje kesho saa tisa waione asante yangu mimi. Nimemwomba mke wangu awahi, akae karibu na jukwaa, na wageni watakaokaa naye nitawaambia wasiondoe macho kwa Mama Waya pale atakapoiwasha meza yake.